Farrokh wa Mji Mkongwe katika Usiku wa Miji ya Watu

Giza likishaingia Kasulu, baridi ya vilimani hushuka na kila mtu hutafuta pa kujistiri. Vijana wa bodaboda hufunga zipu za makoti mpaka kidevuni, kina mama wa mihogo ya kukaanga huchochea mkaa, na kwenye baa za kando ya barabara iendayo Kibondo hupigwa rumba la Kongo mpaka usiku mkubwa. Rumba hilo lilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na watu. Wilaya zetu hizi mbili zinawajua wanaofika na furushi kichwani: Warundi wa mwaka 1972, Warundi wengine baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, kisha Warundi tena mwaka 2015, wakati kambi ya Nduta huko Kibondo ilipofunguliwa upya. Mtoto wa huku hujifunza mapema kwamba mkimbizi haji na furushi peke yake. Anakuja na nyimbo zake, mapishi yake, mapenzi yake na siri zake.

Kwa sababu hiyo, habari ya Farrokh Bulsara, ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la Freddie Mercury, siwezi kuianzia jukwaani. Nitaianzia kwenye masanduku.

Alizaliwa Unguja, katika Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu, mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika nchi ya Sultani. Mama yake aliitwa Jer. Asili yao ilikuwa Gujarat, na jina la ukoo linatokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster, ambao mababu zao waliihama Uajemi karne nyingi zilizopita wakapata hifadhi India. Unguja Waparsi walikuwa wachache mno, kundi dogo ndani ya kundi dogo la Waasia, na hekalu lao la moto. Sisi weusi wa bara na wa visiwani tumezoea kuwatia wote kapu moja na kuwaita Wahindi. Lakini ndani ya kapu hilo mna Bohora, Ismailia, Baniani, Mgoa, Mparsi, na kila mmoja ana mahali pake pa kuabudia, kaburi lake, na mchumba anayetarajiwa kumwoa. Kwa Waparsi jambo la mwisho lilikuwa zito kuliko yote: wako wachache, wanaoana wenyewe kwa wenyewe, na kijana wa kiume asipooa, ukoo unapungua kwa hesabu inayoonekana kwa macho.

Farrokh alipofika umri wa miaka minane hivi alipandishwa meli kwenda India, kusoma bweni katika shule ya St Peter's, Panchgani, milimani kusini mashariki ya Bombay. Ilikuwa desturi ya familia za Kiasia za pwani yetu zilizojiweza kidogo. Huko ndiko alikojifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, na mwaka 1958 akaunda bendi na wanafunzi wenzake, The Hectics. Alizaliwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma ya mbele yakajitokeza, na wenzake hawakumwachia. Mpaka anakufa alikuwa akificha meno kwa mkono au mdomo akicheka. Likizo nyingi hakurudi Unguja kwa sababu ya umbali wa bahari. Alikaa Bombay kwa bibi na shangazi. Mtoto huyo, basi, alizoea kuwa mgeni kabla hajabaleghe.

Alirejea nyumbani mwaka 1963. Tarehe 10 Desemba mwaka huo Unguja ikapata uhuru, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Haya ni mambo ambayo nyumba nyingi za visiwani huyasimulia kwa sauti ya chini hadi leo, kila nyumba kwa upande wake. Serikali ya Sultani ilianguka kwa siku moja, Waarabu na Waasia kwa maelfu waliuawa au walikimbia, na mtu aliyekuwa karani wa Mwingereza hakuwa na sababu ya kungoja aone itakuwaje. Akina Bulsara, baba, mama, Farrokh wa miaka 17 na mdogo wake Kashmira, walifunga walichoweza kubeba wakaenda Uingereza.

Walifikia Feltham, kitongoji cha magharibi ya London, chini kabisa ya njia ya ndege za Heathrow. Wakanunua nyumba ndogo, namba 22 Gladstone Avenue. Bomi, aliyezoea veranda, upepo wa bahari na heshima ya ofisi, akawa mhasibu katika kampuni ya vyakula. Jer akapata kazi dukani. Kijana wao alifanya vibarua wakati wa likizo, uwanja wa ndege kupakua mizigo na ghalani kubeba makreti. Huo ndio ukimbizi unaojulikana Nyarugusu: mwalimu anauza nyanya, nesi anafua nguo za watu. Nyumba ya Feltham ilinukia dhansak, mchuzi wa dengu na nyama wa Kiparsi, na mama alikuwa akimsubiri mtoto wake awe mwanasheria.

Mtoto akachagua sanaa. Alisoma kwanza Isleworth, halafu mwaka 1966 akaingia chuo cha sanaa cha Ealing, akahitimu mwaka 1969 diploma ya usanifu wa michoro. Akawa halali tena Feltham. Alilala sakafuni kwa rafiki huyu na yule, akafungua na rafiki yake Roger Taylor kibanda cha nguo kuukuu katika soko la Kensington, akiuza makoti ya kina mama wa enzi za Edward na skafu za hariri. Kensington ya wakati ule ilikuwa mahali ambapo mwanamume angeweza kuvaa velveti, kupaka kucha rangi nyeusi na kutembea mchana kweupe. Mwaka 1970 wakaanzisha bendi ya Queen, Farrokh akajitwalia jina la Mercury, na hapo jina la Bulsara likaingia kabatini.

Nataka kukaa kidogo kwenye jina hilo lililofichwa, maana wengi humlaumu kwalo. Husema aliikana asili yake, aliikana Unguja. Watazame London aliyoishi. Tarehe 20 Aprili 1968, wakati Farrokh yuko mwaka wa pili Ealing, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba ya kutisha watu juu ya wahamiaji. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda, na takriban 28,000 wakaingia Uingereza, huku halmashauri ya mji wa Leicester ikiweka tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije kwake. Vijana wa Kizungu walifanya mchezo wa kuwapiga Waasia mitaani. Katika mazingira hayo, kijana mwenye nywele nyeusi na jina la Kiparsi aliyetaka kuimba roki, muziki ambao karibu waimbaji wake wote maarufu wa Uingereza walikuwa Wazungu, aliwaambia waandishi maneno machache juu ya Uajemi na akanyamaza. Sioni usaliti. Naona mkimbizi anayechagua karatasi ya kuonyesha mlangoni.

Na alikuwa na karatasi nyingine ya kuficha. Alipenda wanawake, na kwa Mary Austin, msichana wa duka la Biba, alikuwa na penzi la kweli. Waliishi pamoja miaka kadhaa, wakachumbiana, na urafiki wao haukufa mpaka alipokufa yeye. Lakini alipenda pia wanaume, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo alivyojua kwamba huko ndiko moyo wake ulikolalia. Alimwambia Mary katikati ya miaka ya 1970. Hadharani hakutangaza kamwe. Aliiacha nguo iseme, sauti iseme, jina la bendi liseme, na mwenye masikio asikie.

Sheria ya Kiingereza ilikuwa imelegezwa mwaka 1967: wanaume wawili waliotimiza miaka 21, wakiwa faraghani, hawakushtakiwa tena Uingereza na Wales. Hapo kuna jambo moja la kwetu lisilopaswa kusahaulika. Kifungu kinachoadhibu mapenzi hayo katika kanuni yetu ya adhabu kililetwa na Mwingereza wakati wa ukoloni. Aliporekebisha cha kwake mwaka 1967, Tanganyika ilikuwa na zaidi ya miaka 5 ya uhuru, na sisi tukabaki na chake cha zamani, halafu mwaka 1998 Bunge letu likakiongezea uzito kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana: si chini ya miaka 30 jela.

London ya baada ya 1967 haikugeuka pepo. Neno "faraghani" lilikuwa jembamba, na polisi waliendelea kukamata watu vyooni na bustanini. Tarehe 1 Julai 1972 yalifanyika maandamano ya kwanza ya Pride. Miaka ya 1970 usiku wa wanaume hao ulikuwa Earl's Court, mtaa wa vyumba vya kupanga, kwenye baa kama Coleherne ambako waliingia na makoti ya ngozi na kuongea kwa macho. Mwaka 1976 ikaja Bang, disko la barabara ya Charing Cross, na Desemba 1979 ikafunguliwa Heaven.

Heaven ilikuwa chini ya matao ya stesheni ya treni ya Charing Cross. Abiria wa Kent walipita juu na mikoba yao, na chini yao wanaume mamia kwa mamia walicheza katika joto, moshi na taa. Ilikuwa kubwa kuliko klabu yoyote ya aina hiyo Ulaya kwa wakati huo. Anayeijua baa ya Kasulu tu atashangaa kusikia kwamba kilichotafutwa humo zaidi ya pombe ni wingi. Mtu ambaye mchana kutwa yuko peke yake ofisini, anayetaja "mchumba wangu" bila kutaja jinsia, anashuka ngazi na kukuta watu 1,000 walio kama yeye. Hakuna anayemuuliza ataoa lini. Kwa saa nne tano hatafsiri maneno yake. Kisha saa tisa usiku anatoka, anafunga koti, anasubiri basi la usiku, na asubuhi anarudi kutafsiri.

Freddie alikuwa mtu wa humo. Kufikia mwaka 1980 alikuwa amekata nywele, amefuga masharubu, amevaa fulana nyeupe na jinzi. Lilikuwa vazi rasmi la wanaume wa klabu za San Francisco na New York, na mashabiki wengine walimrushia nyembe jukwaani kumwambia anyoe. Alitoka usiku na kundi: msaidizi wake Peter Freestone, mpishi wake Joe Fanelli, dereva, marafiki. Alikunywa vodka. Alipoona mtu aliyempendeza alimtuma mwenzake, au alikwenda mwenyewe kumnunulia kinywaji, na sauti iliyotetemesha viwanja ikawa ya chini, ya aibu. Waliokaa naye karibu wote husimulia aibu hiyo. Mbele ya watu 70,000 alikuwa simba. Kwenye chumba cha watu wasiomjua alihitaji mtu wa kumshika mkono.

Miaka ya mwanzo ya 1980 aliishi sana Munich, ambako Queen walirekodi katika studio ya Musicland. Alipapenda kwa sababu moja: hawakumsumbua. Katika mtaa wa Glockenbach aliweza kutembea kutoka mkahawa wa Deutsche Eiche mpaka klabu ya Old Mrs Henderson bila mpigapicha nyuma yake. Kwenye klabu hiyo alifanya sherehe ya kutimiza miaka 39, Septemba 1985, wageni wote wakiwa wamevaa nyeusi na nyeupe, wanaume wengi wakiwa na magauni, na kamera zikichukua picha za video ya wimbo wake wa kuishi peke yako. Mtu asidanganyike na sherehe: wimbo wenyewe ni wa upweke, na katika mahojiano ya miaka ile hilo ndilo neno alilolirudia bila kulificha.

Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, kwenye ardhi ya makaburu wa Afrika Kusini, wakivunja mgomo wa Umoja wa Mataifa. Hili ni doa, na mwana wa Unguja alipaswa kujua kuliko wenzake. Wakati yeye anaimba huko, Morogoro tulikuwa tunawalea vijana wa ANC pale Mazimbu. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza Queen faini, na ilikuwa haki. Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, alisimama Wembley kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia na kuimba dakika 20 ambazo watu bado wanazizungumzia.

Mwaka huohuo ndipo maisha yake ya usiku yalipopata nyumba. Jim Hutton alikuwa kinyozi wa hoteli ya Savoy, mtu wa Carlow, Ireland, mkimya, mwenye masharubu. Walikuwa wamekutana kwanza baani. Freddie akataka kumnunulia kinywaji, Jim akakataa. Hakumjua ni nani. Muda mrefu baadaye wakakutana tena Heaven, na safari hii Jim akakubali. Akahamia Garden Lodge, nyumba ya matofali yenye ukuta mrefu huko Logan Place, Kensington. Akaacha kunyoa watu akatunza bustani ya nyumba ile, akafuga samaki wa Kijapani katika bwawa, na kwa walimwengu yeye alikuwa mtunza bustani. Freddie alivaa pete ya dhahabu aliyopewa naye.

Maisha ya kila siku ya nyumba hiyo yalikuwa ya kawaida kuliko watu wanavyofikiri. Asubuhi chai. Paka wengi, na akiwa safarini Freddie alipiga simu aongee nao. Michoro ya Kijapani ukutani. Jumapili chakula cha mchana cha marafiki. Aliendelea kwenda Feltham kunywa chai kwa mama yake, na mama akaendelea kupika vile vile. Wazazi hawakuuliza, mtoto hakusema. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa mpango huo. Ndio unaoendesha nyumba nyingi za pwani na za bara: kila mtu anajua, hakuna anayetamka, sinia linaandaliwa. Wapo wanaouita unafiki. Mimi nauona kama upendo ulionyimwa lugha, na naona ulivyomgharimu Jer Bulsara, aliyefariki mwaka 2016 akiwa na miaka 94 na ambaye alimzika mwanawe kabla ya wakati.

Ugonjwa wa ukimwi ulikuwa umeshaingia katika miji hiyo. Juni 1981 madaktari wa Marekani waliandika juu ya vijana watano wa Los Angeles. Tarehe 4 Julai 1982 alikufa London Terry Higgins, aliyekuwa akifanya kazi ya baa usiku Heaven, na marafiki zake wakaunda shirika kwa jina lake. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera.

Kagera inapakana nasi. Kutoka Kibondo ukienda kaskazini unaingia Kagera bila kuona tofauti ya udongo. Tuliokulia huku tulisikia habari za "Juliana" kabla ya kusikia neno ukimwi: wafanyabiashara wa magendo waliokuja na nguo za jina hilo kutoka Uganda, kisha wakakonda, kisha nyumba zikafungwa moja baada ya nyingine na bibi akabaki na wajukuu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ukimwi ulikuwa adhabu ya wanaume wa klabu za London, namwonyesha migomba ya Bukoba iliyokosa mwenyewe. Kirusi hakikuuliza nani anampenda nani. Katika miji ile kiliwakuta wanaume wanaopendana. Kwetu kiliwakuta waume na wake, madereva, walimu, watoto wachanga. Kilichofanana ni kunyoshewa kidole.

Freddie alipimwa akaonekana nacho mwaka 1987. Mwaka huo mtu aliyewahi kusimamia mambo yake binafsi aliuza siri zake kwa gazeti, na wapigapicha wakaweka makambi nje ya ukuta wa Garden Lodge. Mwaka 1988 Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza serikali za mitaa kusema jema juu ya mapenzi ya jinsia moja. Katika hali hiyo yeye akakaa kimya na kuendelea kurekodi, akiimba akiwa amesimama kwa shida.

Na hapa kuna Mganda wa kumkumbuka. Philly Lutaaya, mwimbaji aliyekuwa ameikimbia nchi yake akaishi Stockholm, alirudi Kampala mwaka 1989 na kutangaza mbele ya watu kwamba ana ukimwi. Alikwenda mashuleni na makanisani akiwa anadhoofika, wengine wakisema anadanganya apate pesa, na akafariki Desemba mwaka huohuo akiwa na miaka 38. Nchi yake inamheshimu kwa hilo. Wanamuziki wawili wa Afrika Mashariki, wote wawili wakimbizi walioishi Ulaya, wote wawili na kirusi kimoja. Mmoja aliweza kusema kwa sababu ugonjwa ulikuwa siri yake moja. Mwingine alikuwa na siri mbili zilizofungwa fundo moja. Angefungua hii, ile nayo ingemwagika mbele ya mama yake. Namheshimu Lutaaya kwa moyo wote. Kumlaumu Bulsara siwezi.

Tarehe 23 Novemba 1991 Freddie alitoa taarifa kwamba ana ukimwi. Jioni ya siku ya pili, tarehe 24, akafariki nyumbani, miaka 45, Jim akiwa chumbani. Siku tatu baadaye makasisi wa Kizoroaster waliovaa kanzu nyeupe walimsomea sala za kale za Waparsi huko Kensal Green, magharibi ya London, mbele ya watu wachache. Aliyezaliwa Bulsara aliagwa Bulsara. Mwili wake ulichomwa na Mary Austin akayaficha majivu mahali anapopajua yeye.

Jim hakuwa mjane kwa sheria yoyote. Uingereza haikutambua ushirika wa wanaume wawili mpaka mwaka 2005, wala ndoa zao mpaka 2014. Nyumba alirithi Mary kwa wosia, na Jim, ambaye naye alikuwa na kirusi, alirudi Carlow na pesa alizoachiwa, akajenga nyumba, akaandika kitabu, akafa mwaka 2010. Nadhani kati ya watu wote wa historia hii ndiye anayenigusa zaidi, kinyozi aliyekataa kinywaji cha kwanza.

Usiku wa London ulikuwa na upungufu wake kwa watu wa rangi ya Freddie, na pesa zake zilimkinga asiuone wote. Mwasia wa kawaida mlangoni mwa klabu aliulizwa kitambulisho mara ya pili. Ndani akaonwa kama kitu kigeni cha kuonja, au hakuonwa kabisa. Nyumbani kwao ndugu walimtafutia mke. Ndipo mwaka 1988 likaanzishwa London kundi la Shakti, la Waasia wa Kusini wapendao jinsia moja, na mwaka 1995 DJ Ritu na mwenzake Rita wakafungua Club Kali huko Tufnell Park, kaskazini ya jiji. Humo wakapiga bhangra na nyimbo za filamu za Kihindi, zilezile zilizopigwa kwenye harusi za Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Wanaume wakacheza kwa mikono na nyusi kama walivyowaona shangazi zao wakicheza, wengine ndani ya sari. Aliyekuwa anatafsiri mara mbili, kwa Wazungu kwamba ni Mwasia na kwa Waasia kwamba anapenda wanaume, alipata sakafu moja ya kusimama na miguu yote miwili. Freddie alikuwa amekufa miaka minne kabla. Ningependa angeiona.

Kwetu je? Mwaka 2004 Zanzibar ilikaza sheria yake dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Septemba 2006 mkahawa uliobeba jina lake pale ufukweni Mji Mkongwe uliandaa sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga ikisema kwamba mtu kama huyo anaaibisha Uislamu na visiwa, na sherehe ikafutwa. Kwa upande wa pili watalii walizidi kuuliza wapi alizaliwa, na tarehe 24 Novemba 2019, miaka 28 kamili baada ya kifo chake, ikafunguliwa Shangani nyumba ya makumbusho yenye picha zake za utotoni. Tumemkubali kama tiketi. Yule mtoto wa miaka 17 aliyebebeshwa sanduku baada ya Mapinduzi, na mwanamume aliyelala na kuamka na Jim Hutton, bado hatujawapokea.

Feltham, nje ya namba 22 Gladstone Avenue, tangu Septemba 2016 kuna kibao cha buluu kilichozinduliwa na dada yake Kashmira. Kimeandikwa jina la ukoo wake na la jukwaani pamoja. Ukifika Unguja, wewe msomaji wa Kasulu, wa Kibondo au wa popote, pita Shangani. Usiulize nyumba ya Freddie. Mtaje kwa jina alilopewa na wazazi wake: Farrokh, mtoto wa Bomi na Jer. Na ukiulizwa na wanao alikuwa nani, waambie pia kuhusu Jim.